Plasta Ikitolewa, Kazi Ndiyo Inaanza



Mwezi huu tuzungumzie sehemu ya mwili ambayo wengi hatuikumbuki mpaka iumie. Papasa nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Utagusa kitu kigumu kama kamba. Hiyo ndiyo kano ya kisigino, nene na yenye nguvu kuliko kano zote mwilini. Inaunganisha msuli wa shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Msuli ukivuta, kisigino huinuka. Bila kano hiyo huwezi kukimbia wala kupanda mlima na ndoo kichwani.

Wataalamu huiita kano ya Achilles, shujaa wa hadithi za Wayunani aliyeweza kudhurika kisiginoni tu. Jina hilo lilitumiwa mwaka 1693 na Philip Verheyen, mwalimu wa udaktari huko Leuven, Ubelgiji ya leo. Yeye alikuwa akisomea upadre, akaugua hata akakatwa mguu, ndipo akageukia udaktari.

INAVYOUMIA

Kano hukatika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukatika kwa ndani bila jeraha. Huwapata zaidi wanaume wa miaka 30 hadi 50 ambao wiki nzima hawafanyi mazoezi, kisha Jumapili wanaingia uwanjani kucheza mpira. Mgonjwa husikia mlio "pa!" na kudhani amepigwa teke, akigeuka nyuma haoni mtu. Baadhi ya dawa, kama siprofloksasini na zile za jamii ya steroidi, huweza kudhoofisha kano. Kwa hiyo usijinunulie dawa ovyo.

Njia ya pili ni kukatwa na jembe, panga, bati au kioo. Watoto nao huumia wanapopakiwa nyuma ya baiskeli au pikipiki na kisigino kikaingia kwenye spoku.

Wengi hudanganyika kwa sababu aliyekatika kano bado huweza kuchechemea na kuchezesha vidole. Husema, "Nimeteguka tu," kisha huchuliwa kwa mafuta ya moto. Kuchua hakuungi kano. Hospitalini mgonjwa hulazwa kifudifudi, nyayo zikining'inia ukingoni mwa kitanda, na shavu la mguu hufinywa. Mguu mzima, wayo husogea. Kano ikiwa imekatika, wayo hautikisiki.

HUDUMA YA KWANZA

1. Mgonjwa asikanyagie mguu huo. Abebwe au apewe gongo.
2. Kama hakuna jeraha, weka kitambaa cha maji baridi na uinue mguu.
3. Kama kuna jeraha, likandamize kwa kitambaa safi. Usitie majivu, kahawa wala majani. Jeraha la nyuma ya kisigino, hata likiwa dogo, lionwe na daktari siku hiyo hiyo, na mgonjwa achomwe sindano ya kuzuia pepopunda.

Kano iliyokatwa na kitu chenye makali kwa kawaida hushonwa. Iliyokatika kwa ndani huweza kushonwa, au mguu kufungwa vidole vikielekea chini ili ncha za kano zikutane. Utafiti uliofanyika Norway kwa wagonjwa 526, ukatangazwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na wasiopasuliwa walitumia miguu yao karibu sawa. Lakini kati ya kila 100 wasiopasuliwa, kama 6 walikatika tena. Kwa waliopasuliwa hakufika hata mmoja. Daktari atakushauri lipi linakufaa.

MAZOEZI HATUA KWA HATUA

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokwama. Plasta ikitolewa, maumivu yameisha, mtu anaona amepona. Hajapona. Kano bado ni changa na shavu la mguu limekonda. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi ya kukatika tena.

Baba mmoja, fundi mwashi, alitolewa plasta akapangiwa kuja kwenye mazoezi kila wiki. Alikuja mara moja. Nauli ilikuwa ngumu, na watoto walidaiwa ada. Wiki ya kumi alibeba mfuko wa saruji wa kilo 50, kano ikakatika tena. Siku alizotaka kuziokoa zikageuka kuwa mwaka mzima bila kazi.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye atakayekupangia mazoezi yako. Kwa kawaida huenda hivi:

Wiki 2 za mwanzo: mguu upumzike ukiwa umeinuliwa. Chezesha vidole na kunja goti.

Wiki ya 3 hadi ya 8: anza kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo, ukiwa na plasta au kiatu maalumu chenye vipande vya kuinua kisigino. Vipande hivyo hupunguzwa kimoja kimoja.

Baada ya plasta: vaa viatu vyenye kisigino kidogo, usitembee peku. Ukiwa umekaa kitini, inua visigino na kuvishusha. Pitisha ukanda wa mpira wa baiskeli chini ya wayo, shika ncha zake, kisha sukuma wayo mbele polepole. Usiuvute wayo kwa nguvu kuja kwako, kwani kano ikirefuka kupita kiasi mguu hupoteza nguvu.

Kuanzia mwezi wa 3: simama ukishika ukuta, inua visigino vyote viwili, shuka taratibu. Baadaye fanya kwa mguu mmoja.

Kukimbia husubiri mwezi wa 4 hadi wa 6, na mpira kati ya mwezi wa 6 na wa 12, tena kwa ruhusa ya mtaalamu. Kipimo kimoja ni hiki: je, waweza kusimama kwa mguu ulioumia na kuinua kisigino mara nyingi kama ule mzima?

RUDI HOSPITALI UPESI

Rudi mara moja ukisikia tena mlio au nguvu ikiisha ghafla. Jeraha likitoa usaha. Au shavu la mguu likivimba na kuuma. Kubanwa pumzi au maumivu ya kifua ni hatari kubwa: huenda damu imeganda mguuni na kupanda mapafuni.

NENO KWA FAMILIA NA JUMUIYA

Mgonjwa akiwa na plasta wote humhurumia. Ikitolewa, hutumwa shambani. Tafadhali, msaidieni hasa wakati huu. Watoto wamtekee maji. Mke au mume amkumbushe mazoezi asubuhi na jioni. Jumuiya ndogondogo zichangie nauli ya kwenda kwenye mazoezi, kama zinavyochangia akiwa amelazwa. Asiyefika hospitali kubwa kila wiki amwombe mtaalamu amfundishe mazoezi ya nyumbani pamoja na mtu mmoja wa familia. Huduma hii ipo katika hospitali za rufaa kama Bugando, KCMC na Muhimbili. Ulizeni pia hospitali iliyo karibu nanyi.

Kano hupona polepole, lakini hupona. Mungu awajalie uvumilivu na afya njema.