Kinu Kimezimwa, Joto Halijaisha

Septemba 2025 kituo cha nyuklia cha Zaporizhzhia, kusini mwa Ukraine, kilikosa umeme wa nje kwa takriban mwezi mzima kikategemea jenereta za dizeli. Maswali ya wasomaji yakarudi, na uvumi nyuma yake: vinu sita vitalipuka kama Hiroshima, tumeze chumvi.

La bomu si kweli. Urani ya vinu hivi imerutubishwa isizidi asilimia 5. Ya bomu hufikishwa hadi asilimia 90 hivi.

Swali zito ni jingine: vinu vyote sita havijazalisha umeme tangu Septemba 2022, mbona vinahitaji umeme? Fimbo za kudhibiti zikidondoshwa, atomu huacha kupasuka papo hapo. Lakini vipande vya zile zilizokwisha kupasuka havisikii amri ya mtu. Vinaendelea kutoa mionzi, na mionzi hiyo hugeuka joto. Kinu kimoja cha hapo kikiwa kazini hutoa joto la megawati 3,000. Kikizimwa tu, bado kina karibu 200; kesho yake, kama 15. Miaka ikipita hubaki kidogo sana, lakini pampu za umeme zinazozungusha maji ya kupoza zikisimama kwa muda mrefu, maji yatachemka na kupungua hadi fueli ibaki wazi.

Fukushima, Machi 11, 2011, vinu vilivyokuwa kazini vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Tsunami ndiyo iliyozamisha jenereta, na vinu vitatu vikayeyuka. Ganda la zirkoni linalofunika fueli likipata joto kali hunyang'anya mvuke oksijeni yake na kuacha hidrojeni. Hidrojeni hiyo ndiyo iliyopasua mapaa tuliyoyaona kwenye televisheni.

Sasa chumvi, inayodaiwa kufanya kazi ya kidonge cha kinga. Kidonge cha mtu mzima cha ayodidi ya potasiamu, miligramu 130, kina karibu miligramu 100 za madini joto, yaani ayodini. Kwa chumvi yenye miligramu 40 kwa kilo, utakula kilo mbili na nusu. Chumvi hiyo itakuua kabla ya mionzi. Na ayodini ya kupaka vidonda si ya kunywa. Anayeiuza kama kinga anauza sumu.

Kidonge chenyewe hujaza tezi ya shingo ili isinyonye ayodini-131, ile iliyowapa saratani ya tezi watoto wengi waliokunywa maziwa baada ya ajali ya Chernobyl, 1986. Agosti 2022 Umoja wa Ulaya ulipoipa Ukraine vidonge milioni 5.5, ilikuwa busara, kwani baadhi ya vinu vya Zaporizhzhia vilikuwa bado kazini. Lakini ayodini-131 hupungua nusu kila siku 8. Baada ya siku 80 hubaki chini ya sehemu moja kwa elfu. Katika vinu vilivyokaa miaka bila kupasua atomu, imekwisha. Vikiwashwa tena, hesabu inaanza upya.

Kilichobaki cha kuogopwa ni sesiamu-137, inayopungua nusu kwa miaka 30, na kidonge hakiigusi. Ikivuja: ingia ndani, funga madirisha, vua nguo za nje, oga, usile mboga wala maziwa ya eneo hilo hadi yapimwe. Dawa ya kuitoa mwilini ipo, ya rangi ya buluu, na ilitumika kwa watu walioingiwa na sesiamu huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Hutolewa na daktari kwa mtu aliyepimwa akakutwa nayo, wala haina uhusiano na "chai za kusafisha mionzi" zinazouzwa mitandaoni.