Vumbi Lapimwaje kwa Mwanga?

Mwanachama aliyepata kuvuka kutoka Unguja, akashuka bandarini Dar es Salaam na kupanda hadi Kariakoo, huenda amepita penye kinu cha viungo asubuhi, jua likiingia kwa tundu ya bati. Katika ule mwale vumbi la mdalasini na karafuu laonekana likicheza. Pembeni halionekani kabisa. Si kwamba halipo. Chembe huonekana kwa kuwa huutawanya mwanga, na juu ya jambo hilo vyombo vya kupimia vumbi vimejengwa.

Chembe hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni kiasi cha mikroni 70. Chembe kubwa huutupa mwanga mbele, karibu na njia yake. Ndogo huutawanya kwa pembe pana. Mashine ya leza huupokea kwa pembe mbalimbali, kisha hutoa ukubwa kwa hesabu. Unga wa viwandani hupimwa hivyo.

Na mwendo? Wa kwanza kupima mwendo wa maji kwa leza walikuwa Yeh na Cummins, Marekani, mwaka 1964. Njia itumikayo sana siku hizi ni kukutanisha miali miwili, ikafanya mistari ya mwanga na kiza kama ya mkeka. Chembe ikipita humetameta. Mistari ikiachana mikroni 3.6, na chembe ikimetameta mara milioni moja kwa sekunde, basi yaenda mita 3.6 kwa sekunde.

Yatuhusu nini? Chembe ya mikroni 10 yenye uzito kama wa maji huanguka mita mbili kwa dakika kama 11. Ya mikroni 1 yataka saa 16 hivi, hata hewa ikitulia. Kwa hiyo umalizapo kupepeta ghalani ukaona hewa safi, usiamini macho. Hizo ndogo ndizo zifikazo ndani kabisa ya mapafu, na leso ya kawaida haizizuii vyema. Fungua milango upepo upite, wala usiwalaze watoto humo.

Siku hizi vipo visanduku vidogo vya leza vyenye feni ya kuvuta hewa. Kasoro yao ni masika: chembe hufura kwa unyevu, na chombo hutaja vumbi jingi kuliko lililopo. Mwenye nacho akipimie kwanza siku kavu, ghala likiwa halijafagiliwa wala kuguswa, aandike namba hiyo ukutani. Ndiyo ya kulinganishia siku ya kupepeta.