Jaa la Taka Liwekwe Wapi?

Mji ukuapo, taka zake hukua pia, na hapana budi ziwe na mahali pa kufukiwa. Kibara, wilayani Bunda, swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mji huo u kandokando ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria. Mvua inyeshapo juu ya jaa, maji hupenya ndani ya taka, huchukua sumu na vijidudu, kisha huteremkia visimani na ziwani.

Kuchagua mahali kwa kufuata shimo lililo wazi tu ni hatari. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walifungua kesi kwa sababu ya moshi, harufu na nzi wa jaa la jiji, na Mahakama Kuu ikaamuru taka zisitupwe tena hapo.

Njia ya kitaalamu ina hatua mbili. Ya kwanza ni kuondoa. Ramani za maji, miteremko, udongo, makazi na barabara hupangwa katika kompyuta, moja juu ya nyingine, mithili ya karatasi angavu. Kila mahali penye kasoro isiyosameheka hufutwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa jaa, ni busara kukaa mbali zaidi.

Hatua ya pili ni kupima mahali palipobaki. Katika miaka ya 1970, Thomas Saaty wa Marekani alibuni njia ya kulinganisha mambo mawili mawili. Tuseme usalama wa maji umehesabiwa mara tatu ya umbali na makazi, na makazi mara mbili ya ukaribu wa barabara. Basi maji yatakuwa mara sita ya barabara, na uzito wake utakuwa asilimia 67, makazi 22, barabara 11. Mtu akisema maji ni mara mbili tu ya barabara, hesabu hufichua kwamba amejipinga mwenyewe.

Hata hivyo, kompyuta haichagui. Uzito hutolewa na watu. Udongo wa mfinyanzi huzuia maji machafu yasizame, lakini wakati wa masika waweza kufurika. Mwamba ulioinuka hukauka upesi, lakini nyufa zake hupitisha maji. Kwa hiyo mashimo ya majaribio yachimbwe, na wenyeji waulizwe maji husimama wapi, kabla gari la kwanza la taka halijafika.