Kutaja Msaada wa Akili Mnemba katika Kazi za Shule

Malampaka, katika Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, ni nchi ya pamba. Msimu wa ununuzi ufikapo, pamba ya kila mkulima hupimwa peke yake, na jina lake huandikwa kitabuni pamoja na uzito. Mtu akiipima pamba ya jirani kwa jina lake, hata kama ni kilo chache, huwa amedanganya. Kazi ya mwanafunzi nayo yapaswa kuandikwa kwa uaminifu huo huo.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa huko aliyepewa zoezi juu ya kilimo cha pamba, akaiuliza programu ya akili mnemba, kama vile ChatGPT iliyotolewa kwa umma Novemba 2022, pamba hupandwa mwezi gani. Yawezekana akajibiwa kuwa ni Aprili. Jibu hilo lafaa kwa mashamba ya kusini mwa Marekani, lakini Usukumani pamba hupandwa kuanzia Novemba, mvua zinyeshapo. Akilinakili bila kutaja lilikotoka, kosa huwa lake. Akilitaja, mwalimu huweza kulifuata kosa mpaka kwenye chimbuko lake, na darasa zima likafaidika.

Programu hizo hupanga maneno kwa kufuata mazoea ya maandishi mengi zilizofunzwa. Hazijapata kulima, na mara nyingine hubuni hata vitabu visivyokuwapo. Mwaka 2023 Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, ambayo ni ya kimataifa, ilieleza kwamba akili mnemba haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Kwa hiyo hutajwa kama msaada tu. Mwenye kuwajibika ni mwanafunzi.

Mambo manne yatosha kutajwa: jina la programu, tarehe, swali lililoulizwa, na jinsi jibu lilivyotumiwa na kuhakikiwa. Mathalani: “Tarehe 3 Machi 2025 niliiuliza ChatGPT, ‘Pamba hupandwa lini?’ Jibu halikulingana na msimu wa hapa. Nimefuata maelezo ya bwana shamba.”

Wako wanafunzi wanaohofu kwamba kutaja msaada kutawapunguzia sifa. Na wamkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa uliotiwa jokofuni ukiwa moto ukiganda mapema kuliko uliopoa. Katika makala aliyoandika pamoja na Dakta Denis Osborne, iliyochapishwa mwaka 1969, Mpemba alimtaja hata rafiki yake muuza aiskrimu wa Tanga, aliyekuwa akitumia njia hiyo hiyo. Osborne naye alieleza wazi kuwa swali lilikuwa la mwanafunzi. Kila mmoja alipewa haki yake, na hata leo wanasayansi duniani huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.