GARI LA KUUNGA WENYEWE, NA UMEME WA MTO MUBUKU



Mto Mubuku unashuka kutoka Rwenzori, unapita Nyakalengija pale wapanda mlima wanapoanzia safari yao, unateremka kupita Ibanda na Bugoye, na maji yake yanazungusha mitambo ya umeme mitatu. Wa kwanza ulijengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Mwingine ulijengwa kwa ajili ya kiwanda cha kobalti cha Kasese. Ule wa Bugoye, wa megawati 13, ulianza kazi mwaka 2009. Kwenye barabara inayofuata mto huo huo magari yanapanda kila asubuhi yakichoma dizeli iliyoletwa kutoka bandari ya Mombasa, zaidi ya kilomita elfu moja. Umeme unapita kwenye nguzo juu ya kichwa cha dereva, na yeye chini anahesabu lita.

Ndiyo maana swali hili limekuwa likiulizwa katika mikutano ya matawi: je, gari linaweza kuundwa au kubadilishwa na mafundi wetu, likatumia umeme huo? Na likiwezekana, litatufaa sisi au litatufukuza kazini? Nimeombwa niandike. Mimi si injinia, niliishia darasa la saba, lakini nimekaa na makanika miaka mingi, na mambo ya gari hayana uchawi.

Tuanze na gari la kuunga. Huko Uingereza kuna desturi ya zamani ya kuuza gari likiwa vipande ndani ya masanduku, na mnunuzi analiunga nyumbani kwake. Gari lililojulikana sana kwa njia hiyo ni Lotus Seven, lililotoka mwaka 1957. Sababu haikuwa upendo wa spana tu. Gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, vipande havikutozwa. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza kuweka maelezo ya kuunga ndani ya sanduku, kwa hiyo watengenezaji wakaweka maelezo ya kufungua gari, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo! Mwaka 1973 kodi hiyo ilipobadilishwa, faida ile ikaisha, lakini gari lenyewe likaendelea kuundwa na kampuni ya Caterham.

Kwetu Afrika Mashariki kuunga vipande si jambo geni. Tangu miaka ya 1970 viwanda vya Thika na Mombasa vimekuwa vikipokea malori na magari kwa masanduku kutoka ng'ambo, na wafanyakazi wa Kenya wanayafunga mpaka yanatoka yakinguruma. Lakini kufunga ni kitu kimoja na kubuni ni kitu kingine. Anayefunga analipwa kwa mikono yake. Anayebuni ndiye anayeamua bolti iwe ya ukubwa gani na spea itanunuliwa wapi miaka 20 ijayo.

Wako waliojaribu kubuni. Mwingereza mmoja, Tony Howarth, aliona kwamba magari ya Ulaya hayakufikiriwa kwa barabara zetu, akabuni gari aliloliita Africar. Bodi yake ilikuwa ya plaiwudi iliyonyweshwa gundi ya epoksi, na vyombo vya ndani vilitokana na gari dogo la Kifaransa, Citroën 2CV. Mwaka 1984 magari hayo yalisafiri kutoka nchi za barafu za kaskazini mpaka Ikweta. Wazo lilikuwa zuri: mbao zipo kila mahali, na seremala anaweza kurekebisha kilichovunjika. Kiwanda kikafunguliwa Lancaster, Uingereza, na kufikia mwaka 1988 kilikuwa kimeanguka. Fedha zilikwisha kabla magari hayajatoka kwa wingi. Nchini Kenya, Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kibuni gari la taifa; mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Nayo hayakufika sokoni.

Mimi nasema mafundi hawakushindwa katika mambo hayo mawili. Magari yalitembea. Kilichokosekana ni fedha za kutoka gari la tano mpaka gari la elfu tano, na hizo haziko mfukoni mwa fundi.

Hapa Uganda hadithi ni mpya zaidi na haijaisha. Wanafunzi na walimu wa Makerere walishiriki pamoja na vyuo vikuu vya nchi nyingine kubuni gari lililounganishwa Turin, Italia, mwaka 2008. Waliporudi wakasema, kwa nini tusiunde la kwetu? Chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na Paul Isaac Musasizi wakaunda Kiira EV, gari la watu wawili linalotumia betri. Lilitembea hadharani mwezi Novemba 2011. Kiira ndilo jina la Nile pale Jinja, mahali umeme wa nchi hii ulipoanzia kwa wingi. Mwaka 2014 likaja gari la watu watano linalochanganya petroli na umeme, na mwaka 2016 basi la Kayoola lenye paa la kupokea umeme wa jua. Kampuni ya Kiira ilipewa eneo Jinja kwa ajili ya kiwanda, na mabasi yake ya umeme yakaanza kuundwa kwanza katika karakana za jeshi Nakasongola, kwa msaada wa kampuni ya Kichina.

Lakini msomaji wa Kasese atauliza: sina chuo kikuu, nina gereji yenye mti wa mwembe na mashine moja ya kulehemu. Kwake yeye njia iliyo karibu si kubuni gari jipya. Ni kuchukua gari kuukuu lenye fremu nzima na kulibadilisha. Nairobi iko kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, sasa inaitwa Roam, ambayo ilianza kwa kung'oa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za watalii na kuweka mota za umeme. Kambi ya Emboo kule Maasai Mara ilizitumia kupeleka wageni porini. Ikiwa Land Cruiser ya umeme inapita kwenye tope la Mara, haitashindwa na mawe ya Nyakalengija.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Injini inatoka, na pamoja nayo tangi la mafuta, ekzosi na rejeta. Giaboksi mara nyingi inabaki. Mota ya umeme inafungwa mahali pa injini kwa kutumia bamba nene la chuma lililokerezwa kwa kipimo, na hapo ndipo penye kazi ya fundi hasa. Shafti ya mota na shafti ya giaboksi lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Zikipishana kidogo tu, beringi zitalia baada ya mwezi. Kisha kuna kontrola inayopokea umeme wa betri na kuupa mota kadiri dereva anavyokanyaga. Kipo na kifaa kidogo cha kushusha umeme uwe wa volti 12 kwa taa na honi.

Mambo mawili husahaulika. Breki za gari la kawaida husaidiwa na injini. Injini ikiondoka, breki zinakuwa ngumu kama jiwe mpaka uweke pampu ndogo ya umeme. La pili ni uzito. Betri ni nzito, na ukiirundika yote nyuma, gari linainua pua na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Kwenye kona za kushuka Ibanda hilo si jambo la mzaha. Springi zipimwe upya na uzito ugawanywe mbele na nyuma.

Sasa hesabu, maana mfanyakazi haishi kwa sifa. Nyakalengija iko kwenye kimo cha karibu mita 1,600, na mji wa Kasese uko chini ya 1,000. Kuinua gari la tani mbili mita 650 kunahitaji yuniti tatu na nusu za umeme, mbali na zile za kusukuma magurudumu na upepo. Kwa makisio yangu, kupanda kilomita 25 kutachukua kama yuniti 10. Wakati wa kushuka mambo yanageuka: mota inakuwa jenereta, inashika gari kama breki na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Injini ya dizeli haijawahi kumrudishia mtu hata tone moja. Kwenda na kurudi, pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji, tuweke yuniti 16. Tukichukua yuniti moja kwa shilingi 800, ni shilingi 12,800. Pikapu ikinywa lita 6 kwa safari hiyo, na lita ikiwa shilingi 5,000, ni shilingi 30,000. Unaokoa shilingi 17,200.

Lakini tusishangilie mapema. Chukua mfano kwamba kubadilisha gari hilo, pamoja na betri ya yuniti 30, kumegharimu shilingi milioni 60. Gari likienda safari moja kwa siku, siku 300 kwa mwaka, linaokoa shilingi milioni 5 na laki moja na kidogo. Utasubiri karibu miaka 12, na betri inaweza kuchoka kabla. Likienda safari tatu kwa siku, utasubiri miaka minne. Kwa hiyo gari la umeme ni la kazi ya kutwa: kubeba kahawa, saruji, wapagazi na wafanyakazi wa zamu. Gari la bosi linalolala nje ya ofisi halifai kubadilishwa, labda kama anataka kupigwa picha. Tena safari tatu hazitoshi kwa betri hiyo bila kuchaji mchana, na kwenye waya wa nyumba ya kawaida kuchaji ni saa 10. Lazima uwe na umeme wa feizi tatu, ambao vijiji vingi vya mlimani bado havina, hata vile vinavyosikia mitambo ikivuma.

Watu wa Kasese wana sababu nyingine ya kusikiliza habari hizi. Gari la umeme linatumia shaba kufikia kilo 80, mara tatu na zaidi ya gari la petroli. Kilembe ilitoa shaba tangu 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, na uchimbaji ukasimama miaka ya mwanzo ya 1980. Mabaki yaliyorundikwa yalikuwa na kobalti, na kuanzia 1999 kiwanda kilikuwa kikiitoa kwa kutumia bakteria, vijidudu vinavyokula mawe, mpaka rundo likaisha karibu mwaka 2013. Wengi walipoteza kazi. Mtu akija na hotuba kwamba kobalti ya Kasese itatutajirisha kwa sababu ya magari ya umeme, aulizwe betri gani, maana betri nyingi za siku hizi ni za chuma na fosfeti, hazina kobalti hata kidogo. Shaba ndiyo haiepukiki.

Nimeliacha jambo la chama mwisho makusudi. Katika kiwanda kimoja nilichokuwa nikihudumia, ambacho sitakitaja, zililetwa foklifti za betri. Mafundi watatu wa muda mrefu hawakupewa mafunzo. Kontrola zilifungwa kwa namba ya siri, anayeijua ni mtu wa kampuni iliyouza, na yeye huja kutoka mji mkuu. Ndugu zetu wakahamishiwa kupakia magunia kwa mshahara wa kibarua. Mashine haikuwa adui yao. Mkataba wa ununuzi ulisainiwa bila wao kuulizwa.

Pikipiki za umeme nazo zitazamwe. Kampala na Nairobi ziko ambazo mwendeshaji anamiliki pikipiki lakini betri ni ya kampuni, anaibadilisha kituoni kwa malipo. Inamwokoa na gharama kubwa ya mwanzo, ni kweli. Lakini bei ya kubadilisha ikipanda, hana kwingine pa kwenda.

Tena usalama. Dereva na makanika wamezoea volti 12, ambazo unaweza kuzishika kwa mkono. Gari lililobadilishwa linaweza kuwa na volti 300 au zaidi, na umeme wa betri ukikushika haukuachii. Nyaya hizo hufunikwa rangi ya chungwa ili zitambulike. Usiguse kabla ya kuzima swichi kuu, kusubiri, na kupima. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi, na glovu za umeme zimo.

Kwa hiyo katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, kamati inapendekeza vifungu vitatu: hakuna gari wala mashine ya umeme itakayoingia kazini kabla mafundi waliopo hawajapewa mafunzo kwa gharama ya mwajiri, namba za siri na michoro zikabidhiwe karakana pamoja na mashine, na fundi aliyefunzwa apandishwe daraja. Makatibu wa matawi wanaombwa kuandika kabla ya mkutano wa robo mwaka kila gari la kampuni linakwenda safari ngapi kwa siku, kilomita ngapi, na linakunywa lita ngapi. Madereva wanazo namba hizo kwenye vitabu vyao vya safari.