Tuhuma nane, na bado akabaki kazini!

Msomaji, hebu vuta picha. Jamaa anaomba kazi shuleni anakosoma mdogo wako. Mtanashati, maneno matamu. Polisi wanaombwa wamcheki. Jibu linarudi: hana doa. Basi, anabaki kazini.

Ndiyo yaliyotokea kwa Ian Huntley pale Soham, mji mdogo wa Uingereza. Mwaka 2001 alipewa kazi ya kutunza majengo ya sekondari, na nyumba juu. Jumapili ya Agosti 4, 2002, wasichana wawili wa miaka 10 walitoka kununua pipi, wakapita mbele ya nyumba hiyo. Hawakurudi tena. Desemba 2003 mahakama ikamtia hatiani kwa kuwaua.

Kilichowachoma watu roho ni hiki. Kumbe kati ya 1995 na 1999 polisi wa Humberside walishapata tuhuma nane za kijinsia dhidi yake, kadhaa zikihusu wasichana wa chini ya miaka 16! Kila moja iliangaliwa kivyake, ikaisha bila hukumu. Kumbukumbu nyingine zikafutwa. Alipohamia mkoa wa Cambridgeshire akijiita Nixon, polisi wa kule wakalitafuta jina hilo tu. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Juni 2004 tume ya Sir Michael Bichard ikatoa mapendekezo 31. La kwanza: polisi wote wa England na Wales wawe na mfumo mmoja wa kompyuta wa taarifa, tena haraka. Scotland walishakuwa nao.

Haraka gani? Miaka saba, jamani! Majeshi 43 ya polisi, kila moja na kompyuta zake, hazisemezani. Ukaja mkataba wa pauni milioni 75 hivi, na mfumo ukawashwa Juni 2011. Sasa askari akiandika jina, anaona alichonacho mwenzake wa mkoa mwingine, hata kama mtu huyo hajawahi kufungwa.

Wapo wanaohofia: tuhuma siyo hatia, mtu anaweza kuchafuliwa bure. Kweli kabisa. Ndiyo maana askari haruhusiwi kuingia humo bila mafunzo, na kila anachotafuta kinabaki kimeandikwa.

Ila kompyuta haijiandikii yenyewe. Siku binti atakapokuja kituoni kulalamika, na askari wa zamu akaona uvivu kuandika, zile milioni 75 zitakuwa zimelala usingizi wa pono.

Haya, tukutane wiki ijayo.