Siku Nilipokutana na Skyline Kariakoo

Nililizimia gari hili tangu nikiwa na miaka 12. Siku nimeliona ana kwa ana, mke wangu alikuwa pembeni, na siri ikafichuka!

Jumamosi, saa tano asubuhi, mimi na mke wangu tuko Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, tunatafuta vitambaa vya sare za harusi. Jua kali, bajaji zinapiga honi, wabeba mizigo wanapaza sauti: "Pisha, pisha!" Mara nikasikia muungurumo. Nikaganda.

Kwenye foleni, nyuma ya mkokoteni wa vitunguu, lilikuwa limekwama Nissan Skyline GT-R R34. Bluu. Taa nne za duara nyuma, na kwenye beji ile herufi R nyekundu. Usifanye mchezo na hiyo R! GT-R za toleo hili zilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2002 tu, na hazikufika 12,000 dunia nzima.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, msomaji. Mwaka 2001 tulikuwa tunaishi Gerezani. Hela ya maandazi ya shule niliipeleka kwenye kibanda cha gemu, nikacheze Gran Turismo 2. Wenzangu wakigombania Supra, mimi na Skyline yangu tu. Injini lita 2.6, silinda sita, turbo mbili. Kwenye makaratasi nguvu za farasi 280, maana watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo. Halafu usukani kulia, kama magari yetu! Ferrari ilikuwa picha ya ukutani. Hili niliamini kabisa kuna siku litashushwa bandarini kwa jina langu, kama Vitz ya mtu yeyote.

Na hapo ndipo penye siri. Kwa miaka mitatu nilikuwa naweka akiba kwenye akaunti ambayo mke wangu haijui. Akiba yenyewe kichekesho. Tangu 2024, GT-R R34 za kwanza zilipotimiza miaka 25 na kuruhusiwa kuingia Marekani, watu wanazigombania, na mnadani nyingi zinavuka dola 100,000. Ongeza ushuru wa forodha, VAT na ule wa uchakavu. Hela yangu isingenunua hata milango.

"Wewe, una nini?" mke wangu akauliza. Nikamwonyesha kwa kidole, sauti haitoki. Akanitazama mimi, akalitazama gari, kisha akaenda dirishani kwa dereva.

"Kaka, samahani. Mpigie resi kidogo huyu mume wangu, asikie."

Jamaa akacheka, akakanyaga. Mtaa mzima ukageuka. Mimi machozi yakanilenga, mtu mzima na mifuko ya vitambaa mkononi!

Tulipokaa kunywa juisi ya miwa nikamwambia yote. Akanyamaza muda mrefu.

"Kumbe hela ipo, na kiwanja nalipa peke yangu?"

Sikuwa na jibu.

"Halafu miaka saba tuko pamoja, sijawahi kukusikia ukilitaja hilo gari. Ulidhani nitakucheka?"

Ndiyo, nilidhani hivyo. Ndipo akaniambia la kwake: fomu ya shahada ya pili iliyokaa droo ya ofisini tangu tulipoanza kuchangisha harusi. Na yeye aliogopa nitasema hakuna hela.

Sitakudanganya kwamba tuliondoka tumeshikana mikono. Wiki nzima nyumbani kulikuwa kimya. Lakini akaunti ile sasa ina majina mawili, awamu mbili za kiwanja zimelipwa, na fomu imetoka kwenye droo. Mimi nimebaki na video ya sekunde 11 kwenye simu.

Wewe je? Leo usiku zimeni televisheni, muulize mwenzako: ulipokuwa na miaka 12, ulikuwa unaota nini? Akishaanza kusimulia, tafadhali, usicheke haraka.